Ukingo Mweupe

Wembe wa nusu, ule unaovunjwa katikati.
Rula ya chuma; ya mbao wembe huila,
na kesho yake kila ukuta unapinda.
Kalamu iliyokwisha wino naitunza kuliko nzima:
haiandiki, inakwaruza tu njia
ambayo karatasi itakubali kukunjika bila ugomvi.
Vibanio vinne vya nguo. Njiti ya kiberiti
ya kupaka gundi pale kidole kisipofika.
Gundi yenyewe uji wa muhogo, mzito,
na tone la mafuta ya taa
mende wasije wakanila nyumba usiku.

Naijenga nyumba yetu ya Mabatini,
ile ya juu kabisa, chini ya jiwe lililokaa
kama lilitaka kushuka, likasahau.
Mwaka wa tatu sasa haipo.
X nyekundu ilipakwa ukutani Jumanne;
Jumanne iliyofuata tulikuwa Buhongwa
na magodoro yetu.

Kuta nimezikata kwenye boksi la sabuni.
Bati ni karatasi ya kalenda, upande wa nyuma,
nimeikunjia juu ya sindano ya kufumia,
mikunjo themanini na miwili.
Kutu ni chai ya rangi iliyochemka mpaka ikawa chungu.
Naidondosha juu, naiachia ishuke yenyewe,
maana kutu haipakwi,
kutu huteremka.

Lakini jiwe!
Wiki mbili limenitesa.
Nilichanganya nyeusi na nyeupe, ikatoka saruji.
Nikapanda mlima alfajiri, nikakaa kulitazama.
Halina kijivu hata kidogo, jamani.
Lina waridi hafifu, kama ufizi wa mtoto,
lina manjano ya ukoga, lina weupe wa mavi ya korongo,
na mvua inapopitia, weusi wa sufuria.
Nikarudi nikafinyanga gazeti, nikalilowesha, likakauka.
Kisha rangi moja baada ya nyingine, kwa brashi
uliyoifuta kwenye kitambaa mpaka unaona aibu
kusema umeichovya:
inashika vilele tu vya makunyanzi,
mabonde yanabaki na usiku wao.

Nkwimba, wa stesheneri pale Makoroboi,
anayenipa mabaki ya kadi bila kuyahesabu,
alinionya mapema: "Karatasi ni nyeupe moyoni.
Upake uso utakavyo, ukikata tu, ukingo unakusema."
Basi kila ukingo nimeupaka kwa ncha ya kidole
kabla ya gundi.

Jana nikamwekea mama mapajani.
Macho yake siku hizi yanajua mchana na usiku, basi.
Kutu hakuiuliza. Jiwe langu alilipita
kama genge lisilo na nyanya.
Vidole vikaenda mlangoni, vikasimama.
"Huu unafungukia nje."
Ndiyo, mama.
"Wetu ulifungukia ndani. Nje kuna jiwe, ungefungukaje?"
Nikanyamaza.
"Na rangi?"
Buluu.
"Buluu ipi?"
Sikujua kuwa zipo mbili.
"Baba yako alibakiza ya mtumbwi wa Magesa.
Ilikataa kukauka. Krismasi ile yote
tuliingia kanisani na viganja vya buluu,
wewe ukiwa mgongoni, na alama yangu
kwenye paja lako."

Usiku nikauchokonoa mlango kwa wembe.
Muhogo hauachii kirahisi. Ukachana,
na fremu ikabaki na ukingo mweupe,
mwembamba kama ukucha unaoanza kuota.
Brashi ninayo. Buluu ninayo, kwenye kifuniko cha chupa.
Mkono ukagoma.

Asubuhi nimempelekea mlango, mdogo kama stempu,
na kifuniko, na brashi.
Brashi ameiweka chini.
Nimemwacha barazani.
Nilipotazama dirishani, mlango ulikuwa bado mkavu
juu ya kanga yake,
na yeye amekiinua kiganja karibu na uso,
buluu kizima,
anakipulizia taratibu
kama anayejua hakitakauka.